Baba alikuwa kantori wa sinagogi, mwana akashika ubingwa wa sataranji miaka 27: nyumba ile ilimpa nini Emanuel Lasker?

#1 Kete Nyeupe (mleta uzi)

Habari zenu wanajukwaa. Tarehe 24 Desemba 1868, katika mji mdogo wa Berlinchen, uliokuwa Prussia na ambao leo uko Poland kwa jina la Barlinek, alizaliwa mtoto aliyekuja kushika ubingwa wa dunia wa sataranji, au chesi kama wengi wetu tulivyozoea kuiita, kuanzia 1894 hadi 1921. Hakuna aliyekikalia kiti hicho miaka mingi kiasi hicho, si kabla yake wala baada yake.

Mimi hata hivyo simtazami sana bingwa, namtazama baba yake. Alikuwa kantori wa sinagogi, yaani mtu anayesimama mbele ya waumini na kuongoza sala kwa kuimba. Wayahudi wenyewe humwita hazani. Dai langu ni kwamba uchezaji wa Lasker ulianzia kwenye sauti ya baba. Kantori hana ruhusa ya kubadili maneno ya sala, lakini namna ya kuyavuta, kuyakatiza na kuyapandisha huiamua palepale kwa kuwatazama watu walio mbele yake. Lasker naye alikuwa na kanuni zilezile za mchezo walizokuwa nazo wenzake, ila alimtazama aliyeketi upande wa pili wa ubao kuliko mtu yeyote wa zama zake. Mwenye kupinga na aje na hoja.

#2 Fundi Saa

Ahsante kwa uzi. Mimi nilikuwa nikifahamu kwamba Lasker mwenyewe aliimba sinagogini kabla ya kuingia kwenye sataranji. Je, nimedanganywa?

#3 Binti Pangani

Fundi Saa, umechanganya. Kantori alikuwa baba, na hapo ndipo hoja ya mleta uzi inapoanza kuvuja. Emanuel alipelekwa Berlin akiwa na umri wa miaka 11 kusoma hesabu, akaishi na kaka yake Berthold aliyemzidi miaka minane na aliyekuja kuwa daktari. Ni Berthold aliyemfundisha kusogeza kete. Kwa hiyo bingwa wetu aliondoka kwenye nyumba ya kantori kabla ubao haujaingia maishani mwake.

Maelezo yangu ni mafupi zaidi kuliko ya nyimbo: ni njaa. Kantori wa mji mdogo hakuwa mtu wa fedha, na vijana wawili walio masomoni Berlin hawawezi kuishi kwa baraka pekee. Lasker alikuwa akiingia kwenye mikahawa ya jiji kucheza kwa dau dogodogo, na huko ukishindwa unakosa chakula cha jioni. Majira ya baridi ya 1888 kuelekea 1889 aliingia mashindano ya mkahawa wa Kaiserhof akashinda michezo yote 20. Mwaka huohuo wa 1889 akashinda mashindano ya Breslau yaliyompa hadhi ya mchezaji mahiri anayetambuliwa rasmi (master). Mtu anayecheza ili ale hujifunza haraka kumsoma aliye mbele yake, tena bila kufundishwa na kantori.

#4 Mwalimu wa Hesabu

Nyote wawili mmepita karibu na jambo lenyewe bila kuligusa. Alipelekwa Berlin kusoma hesabu, na hesabu hakuiacha hata alipokuwa bingwa. Alipata shahada ya udaktari Chuo Kikuu cha Erlangen mwanzoni mwa miaka ya 1900. Mwaka 1905 alichapisha kazi ambayo hadi leo wanafunzi wa aljebra huikuta darasani.

Nitaieleza kwa mfano wa sokoni. Namba 60 unaweza kuivunja ukapata 4, 3 na 5, na kila kipande kimejengwa kwa namba tasa moja tu, kwa kuwa 4 ni 2 mara 2. Kwa namba za kawaida jambo hilo lilijulikana tangu zamani. Lasker alionyesha kwamba mikusanyiko fulani ya misemo ya aljebra, ambayo haiwezi kuvunjwa kwa njia hiyo rahisi, nayo ina vipande vyake vya msingi ukijua namna ya kuvitafuta. Mwaka 1921 mwanahesabu Emmy Noether aliipanua kazi hiyo, na ndiyo maana nadharia hiyo inabeba majina yao wote wawili. Angalieni tarehe: mwaka aliopoteza ubingwa wa sataranji ndio mwaka jina lake lilipopata makao ya kudumu kwenye hesabu. Mtu wa namna hii hahitaji kuelezwa kwa sauti ya baba yake wala kwa tumbo lake.

#5 Sheha Mstaafu

Mwalimu, tunashukuru, lakini usituletee mtihani wa marudio.

Mimi nitasimama na mleta uzi kwa sababu ya niliyoyaona nyumbani. Marehemu baba yangu alikuwa mwadhini na mwalimu wa chuo cha Kurani, na sisi watoto tulikuwa tukihifadhi sura nzima kabla ya kujua maana ya neno moja. Nilipoanza kucheza bao barazani, wazee walishangaa kwamba naweza kukumbuka kete zilivyokaa mashimoni mizunguko mitatu nyuma. Sikuwa na akili kuliko wenzangu, ila kichwa changu kilikwisha kuzoeshwa kubeba vitu vingi kwa mpangilio, na kosa la herufi moja lilikuwa na bakora yake. Binti Pangani anasema kijana aliondoka na miaka 11. Mimi nasema miaka 11 inatosha kabisa.

#6 Mlima Elgon

Salamu kutoka Mbale. Mimi si Myahudi, lakini nimekulia jirani na Abayudaya, jamii iliyoanza pale Semei Kakungulu alipoifuata dini hiyo mwaka 1919, na nimeingia sinagogi lao mara kadhaa kwa mwaliko wa marafiki. Hawa hawana uhusiano na Wayahudi wa Prussia, na nyimbo zao nyingi za Zaburi ni za Kiluganda kwa sauti za kwetu, kwa hiyo nisieleweke kwamba nalinganisha mambo yaliyo mbali.

Ninachotaka kuongeza ni jambo moja la kiufundi ambalo rafiki yangu alinionyesha kwa kidole. Gombo la Tora linaloandikwa kwa mkono halina irabu wala alama za sauti. Msomaji anaziona konsonanti tu, na irabu pamoja na mwendo wa kuimba anavitoa kichwani mwake. Tena herufi zenyewe haziguswi kwa mkono, kwa hiyo mstari hufuatwa kwa kijiti chenye ncha. Katika miji midogo ya Ulaya haikuwa ajabu mtu mmoja kubeba kazi kadhaa, akawa kantori, mwalimu wa watoto na hata mchinjaji. Mtoto anayemwona baba yake akitayarisha kisomo juma baada ya juma anajifunza kwamba yasiyoandikwa yana uzito sawa na yaliyoandikwa.

#7 Kete Nyeupe

Mlima Elgon, umeniongezea hoja ambayo sikuwa nayo. Sheha, pole kwa bakora.

#8 Ngome ya Kale

Naomba niwaharibie sherehe kidogo. Kama nyumba ya ibada ndiyo siri, basi tuwapange wachezaji wengine wa zama zile tuone. Wilhelm Steinitz, aliyenyang'anywa ubingwa na Lasker, alikuwa mtoto wa fundi cherehani kutoka mtaa wa Wayahudi wa Prague. Siegbert Tarrasch alikuwa Myahudi, daktari wa tiba, aliyebatizwa kuwa Mprotestanti mwaka 1909. José Raúl Capablanca alikuwa Mkatoliki wa Cuba, mtoto wa ofisa wa jeshi, na inasimuliwa kwamba alijifunza kwa kumtazama baba akicheza, akiwa na miaka minne.

Anayewafaa ninyi ni mmoja tu, Akiba Rubinstein, aliyezaliwa Stawiski mwaka 1880 na kutarajiwa awe rabi kabla ya ubao kumteka. Huyo alimfunga Lasker St. Petersburg mwaka 1909 na wakamaliza mashindano wakiwa sawa kileleni. Uchezaji wake, hata hivyo, ulikuwa kinyume kabisa na wa Lasker: msafi, wa mstari mmoja, usiomjali mpinzani ni nani. Nyumba mbili za dini zikatoa watu wawili wasiofanana hata kidogo, sasa tuseme nini?

#9 Fundi Saa

Tuseme kwamba Sheha atafute bakora ya aina mbili.

Lakini nami nina swali la uchokozi. Mchezo wa Lasker uliomtangaza Ulaya ni ule aliocheza na Bauer huko Amsterdam mwaka 1889, na kila anayeusimulia husema aliwatoa kafara maaskofu wawili. Mtoto wa kantori wa Kiyahudi kuwatoa kafara maaskofu wawili kwa mkupuo, hamwoni hapo maelezo mengine ambayo hamjayataja?

#10 Sheha Mstaafu

Umenichekesha, lakini kosa ni la lugha. Kijerumani hakina askofu kwenye ubao, kete hiyo huitwa mkimbiaji, na Waarabu walioipeleka sataranji Ulaya waliiita fili, yaani tembo. Askofu sisi tulimpokea kutoka kwa Waingereza. Kwa hiyo Lasker alichinja wakimbiaji wawili, na kanisa halihusiki.

#11 Farasi Mweusi

Kwa kuwa mchezo huo umetajwa, afadhali wasioujua wauone. Mfalme mweusi alikuwa amejificha nyuma ya askari wake kama inavyopasa. Hatua ya 15, askofu wa kwanza wa Lasker anamla askari wa pembeni mwa mfalme, na mfalme anamla askofu kwa kuwa hana njia nyingine iliyo bora. Malkia anaingia na kumtisha, mfalme anarudi alikotoka. Hapo watu walitarajia ngome ziletwe polepole. Badala yake hatua ya 17 askofu wa pili anamla askari wa jirani, naye analiwa. Sasa mfalme amesimama bila ukuta wala paa, malkia na ngome wanamfuata ubavuni, na ili asife Bauer anamtoa malkia wake kwa thamani ya ngome. Hata hapo hesabu ya kete ilikuwa haijawa mbaya sana kwa Bauer. Ndipo hatua ya 22 malkia wa Lasker anapotua mahali anapowatisha maaskofu wote wawili wa mpinzani kwa wakati mmoja, na mmoja lazima afe. Tangu hatua ya 15 alikuwa ameliona hilo.

Pamoja na hayo, moyo wa mjadala huu uko kwenye mchezo mwingine, ule wa St. Petersburg 1914. Lasker aliingia fainali akiwa nyuma ya Capablanca kwa pointi moja na nusu. Walipokutana, Capablanca alitosheka na sare. Lasker, aliyelazimika kushinda, akachagua ufunguzi unaosifika kwa utulivu, malkia wote wakabadilishana mapema hatua ya saba, na watazamaji wakadhani mzee amekata tamaa. Kumbe alikuwa amemkaribisha mtu anayetaka kulala kwenye kitanda ambacho lazima akilinde. Hatua ya 12 akamsukuma askari mbele kwa namna iliyokuwa ikikatazwa, maana askari wa nyuma yake alibaki mnyonge. Hatua ya 16 farasi wake akaketi katikati ya kambi ya Capablanca, na kuanzia hapo kete nyeusi zikawa zinagongana zenyewe kwa kukosa nafasi. Lasker akashinda mchezo, na mashindano akayamaliza na pointi 13.5 dhidi ya 13 za Capablanca, ambaye siku iliyofuata alifungwa pia na Tarrasch. Huko ndiko kumsoma mtu. Mleta uzi yuko sahihi kuhusu jicho, hata kama amekosea kuhusu koo.

#12 Ngome ya Kale

Farasi, hadithi ya kumsoma mtu imekuzwa mno. Richard Réti, mchezaji na mwandishi wa sataranji, ndiye aliyeisambaza, akadai kwamba Lasker alicheza hatua mbaya makusudi ili kumtoa mpinzani kwenye njia anayoipenda. Wachambuzi waliokuja baadaye walizirudia hatua hizo wakakuta nyingi hazikuwa mbaya, ila zilikuwa ngeni kwa watu wa wakati ule. Ufunguzi unaousema aliutumia pia dhidi ya Tarrasch mwaka 1908, kwenye mchezo wa kwanza wa pambano la ubingwa, akashinda. Je, Tarrasch naye alitaka kulala? Mtu akicheza kitu kilekile mbele ya watu wawili tofauti, inaelekea anaamini kwamba kitu chenyewe ni kizuri.

#13 Farasi Mweusi

Au watu hao wawili walikuwa na ugonjwa mmoja. Siondoki nilipo, ila nakubali kuhusu Réti.

#14 Binti Pangani

Nimewaacha mjadili farasi na maaskofu, sasa nirudi kwenye fedha, kwa kuwa hapo ndipo mtoto wa nyumba yenye kipato kidogo anapoonekana wazi. Mwaka 1894 pambano la ubingwa lilichezwa New York, Philadelphia na Montreal kwa dau la dola 2,000 kila upande. Baada ya michezo sita walikuwa sawa, kisha Lasker akashinda mitano mfululizo. Steinitz alikuwa amefikisha miaka 58, na mwaka 1900 akafia New York akiwa fukara. Lasker aliliona hilo, na tangu hapo wenzake walimlaumu kwamba anadai malipo makubwa mno kabla ya kuketi mezani. Mwaka 1921 Havana alifungwa na Capablanca michezo minne bila kushinda hata mmoja, sare zikiwa kumi, na bado aliondoka na dola 11,000 kati ya 20,000 zilizochangwa.

Mimi simlaumu hata kidogo. Babu yangu alikuwa mwalimu wa kwaya kanisani kwa zaidi ya miaka thelathini, na malipo yake yalikuwa kuku wakati wa mavuno na shukrani wakati mwingine wote. Watoto wake wote, akiwamo mama yangu, hawakuwahi kufanya kazi yoyote bila kuuliza bei kwanza. Watu waliwaita wabahili. Nyumba ya mtu anayewaimbia wengine sala hufundisha hilo pia, na sijaona mtu hapa akilitaja.

#15 Kete Nyeupe

Binti Pangani, kumbe nawe umekubali kwamba nyumba ile ilimpa kitu.

#16 Binti Pangani

Nimekubali kwamba ilimnyima. Ni mambo mawili.

#17 Mwalimu wa Hesabu

Na zile fedha hazikukaa. Akiba yake kubwa aliiweka kwenye hati za mkopo wa vita za serikali ya Ujerumani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ikayeyuka pamoja na ushindi uliotarajiwa. Mwanahesabu mzima.

#18 Msafiri wa Reli

Nimesoma uzi wote na kuna sehemu ya maisha yake ambayo mmeiruka. Mwaka 1911 Lasker alimwoa Martha, mjane aliyemzidi mwaka mmoja na aliyekuwa tayari bibi mwenye wajukuu, na ni huyo aliyehama naye nchi baada ya nchi. Mwaka 1933 walilazimika kuondoka Ujerumani na mali yao ikachukuliwa. Utawala wa Wanazi haukuuliza kama bado anasali alivyofundishwa na baba yake, ilitosha kwamba ni mtoto wa baba huyo.

Kwa umri huo alikuwa amekwisha kuacha mashindano, lakini hali ilimrudisha mezani. Moscow 1935, akiwa na miaka 66, alishika nafasi ya tatu bila kufungwa hata mchezo mmoja, nusu pointi nyuma ya Botvinnik na Flohr na nusu pointi mbele ya Capablanca. Nikolai Krylenko, aliyekuwa kiongozi wa mambo ya sheria wa Sovieti na mpenzi wa sataranji, ndiye aliyemkaribisha kuishi huko. Mwaka 1937 Lasker na mkewe wakahamia Marekani, na mwaka uliofuata Krylenko akauawa na serikali yake mwenyewe. Lasker alifariki New York tarehe 11 Januari 1941, akitibiwa hospitali ya Mount Sinai kwa hisani. Binti Pangani, kumbe yaleyale ya Steinitz aliyoyakimbia yalimfikia.

#19 Fundi Saa

Huyu si ndiye aliyekuwa na ndugu yake Edward, naye mchezaji, aliyeishi Marekani?

#20 Ngome ya Kale

Fundi Saa, leo umeamua kuchanganya familia nzima. Edward Lasker alikuwa jamaa wa mbali sana. Kaka ni Berthold pekee, yule aliyetajwa kwenye #3, ambaye pia alikuwa mchezaji hodari na aliwahi kuwa mume wa mshairi Else Lasker-Schüler. Kwa hiyo ukihesabu mtu wa sauti kwenye ukoo ule, yupo kantori na yupo mshairi, na mshairi aliingia kwa ndoa. Kete Nyeupe asije akamdai naye.

#21 Mlima Elgon

Mimi bado nangoja mtu anieleze kwa nini Berthold, aliyekulia nyumba ileile, akasikia sauti ileile na kujua mchezo mapema kuliko mdogo wake, hakuwa bingwa. Hoja ya gombo niliyoileta mwenyewe inakwama hapo, na ya njaa pia inakwama hapohapo.

#22 Mwalimu wa Hesabu

Ya hesabu haikwami.

#23 Sheha Mstaafu

Mwalimu, wanahesabu wako wote wa Erlangen wangekuwa mabingwa.

Jana jioni nilifanya jambo moja kwa ajili ya uzi huu. Lasker alibuni mchezo wake mwenyewe mwaka 1911, akauita lasca, na unachezwa kwenye ubao wa mistari saba kwa saba. Nikachukua ubao wa drafti wa baraza letu, nikafunika mstari mmoja wa juu na mmoja wa pembeni kwa gazeti, tukahesabu vizibo 11 vya soda kila upande, rangi mbili. Mwendo ni kama wa drafti, isipokuwa ukila kete ya mwenzako huitoi nje. Unaiweka chini ya kete yako iliyokula, na mnatembea pamoja. Baadaye mwenzako akiiruka kete yako ya juu, anaichukua hiyo moja tu, na yule mateka wa chini anatokea juani akiwa hai, mtu wa kwao, tayari kwa vita.

Mzee mmoja ambaye hajafungwa drafti pale barazani tangu mvua za mwaka jana alinila vizibo vinne mfululizo, akaanza kucheka. Hatua tatu baadaye mnara wake ulirukwa mara mbili na watu wangu wakawa wanatoka chini yake mmoja baada ya mwingine. Akasimama, akasema mchezo huu hauna adabu, kwa kuwa aliyeliwa ni lazima abaki ameliwa. Nimemwachia ubao pale barazani, na asubuhi hii nimemkuta ameufunika kwa gazeti upya, anapanga vizibo peke yake.